Wastaafu tuliohamia Mtwara na gari letu la kulala: uzi wa safari za Lindi, Masasi, Newala na Kilwa

#1 Mkazi wa Mangamba (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu, na kwa walionizidi umri nasema shikamooni.

Katika uzi mmoja uliohusu maisha baada ya kustaafu nilitaja kwa kupita kwamba mimi na mume wangu tunatembea mikoa ya Lindi na Mtwara kwa Hiace tuliyoigeuza kuwa chumba cha kulala. Maswali yalikuwa mengi kiasi kwamba mwenye uzi ule aliniomba, kwa adabu kabisa, nikaanzishe wa kwangu. Basi huu hapa. Nitaeleza gari lilivyotengenezwa, mahali tunapolala na namna tunavyoomba mahali hapo, kwa sababu jambo hilo la mwisho ndilo linaloamua kama safari za aina hii zinawezekana huku Kusini au haziwezekani.

Mimi nilikuwa muuguzi na mwenzangu alikuwa bwana shamba, na hakuna kati yetu aliyezaliwa huku. Yeye alipangiwa Tandahimba ujanani, enzi ambazo msafiri wa kutoka Dar es Salaam alivuka mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikikolea basi lilikuwa likilala njiani pamoja na abiria wake. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 yeye alikuwa amekwisha kuhamishiwa Morogoro, lakini kiwanja alichokuwa amekinunua Mangamba, hapa Mtwara, hakukiuza, na tulipostaafu ndipo tukajenga na kuhamia. Nyumba ilikuwa nzuri, ila wenyeji hatukuwa nao. Rafiki zake wa zamani wengine wametangulia mbele ya haki na wengine wamerudi mashambani kwao Newala, Nanyamba na Mtama, na anayetaka kumsalimia mzee mwenzake aliyeko shambani hawezi kumsalimia kwa nusu saa akageuza. Gari la kulala lilitokana na haja hiyo.

Najua kwamba Marekani wastaafu wa namna yetu wana magari makubwa yenye jiko na bafu, na wana viwanja maalumu ambako unafika, unachomeka waya wa umeme na mpira wa maji, unalipa na unalala bila kulijua jina la jirani yako. Huku kwetu usitegemee kiwanja cha namna hiyo. Kwa hiyo gari la kulala likiletwa Kusini haliwezi kuwa nyumba inayojitosheleza. Ni chumba unachokiegesha kwenye uwanja wa mtu, na mwenye uwanja ndiye mwenyeji wako, upende usipende. Mambo mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na hilo.

Gari lenyewe ni Hiace ya paa refu iliyokuwa ikibeba abiria. Viti vyote vya nyuma vimetolewa, seremala ametengeneza kitanda cha mbao chenye droo chini yake, na juu pamewekwa godoro la inchi sita la kiwango kile kile tunacholalia nyumbani, kwa kuwa mgongo wa mtu wa umri wetu haubembelezwi. Paani kuna sola ya wati 200 inayochaji betri ya pembeni, ambayo haiunganiki na betri ya kuwashia gari wakati injini imezimwa. Betri hiyo inaendesha taa, feni mbili na friji ndogo ya volti 12. Maji tunabeba kwenye madumu manne ya lita 20, hatukuona haja ya tangi. Madirisha yana wavu wa mbu uliogandishwa kwa sumaku.

Kuhusu mtungi wa gesi nitasisitiza kidogo, maana nimeona picha za watu walioufunga chini ya kitanda. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi dirishani, inashuka na kutuama sakafuni pale pale mtu alipolala. Mtungi wetu wa kilo sita unakaa ndani ya kisanduku cha bati chenye tundu lililotoboa sakafu hadi nje, na kupika tunapika nje, mlango wa nyuma ukiwa umeinuliwa kama kibaraza. Ndani ya gari hatuwashi moto wa aina yoyote, hata mshumaa.

Sasa kuhusu kulala. Tunajitahidi kufika mahali kabla ya saa kumi na moja jioni, na kwanza tunakwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ikiwa imefungwa tunaelekezwa kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Tunashuka wote wawili, tunasalimia, tunakaa tukikaribishwa, tunaeleza tulikotoka na tunakokwenda, tunatoa vitambulisho na kuomba tuandikwe kwenye daftari la wageni. Kisha tunaomba mahali pa kuegesha, na hatuchagui sisi. Mara nyingi tunapewa uwanja wa ofisi, uwanja wa zahanati, au nyumbani kwa mwenyekiti mwenyewe. Hatujawahi kudaiwa malipo, lakini hatuondoki mikono mitupu. Tunabeba sukari, majani ya chai na sabuni za miche kwa kazi hiyo.

Karibuni kwa maswali.

#2 Dereva Mstaafu

Shikamoo mama. Nimeendesha daladala kwa miaka mingi na kinachonitatiza ni kimoja. Hiace hiyo ilikuwa na namba nyeupe ya biashara. Askari wa barabarani hawakusumbui kuhusu leseni ya kusafirisha abiria?

#3 Mkazi wa Mangamba

Marahaba baba. Tulibadilisha matumizi kabla ya kuanza kutembea. Mkaguzi wa magari alilikagua likiwa tayari halina viti, tukapeleka karatasi zake mamlaka ya mapato (TRA), kadi ikatolewa upya kwa matumizi binafsi na sasa tuna namba ya njano. Atakayeacha namba nyeupe atasimamishwa kila kizuizi na ataulizwa leseni ya abiria ya LATRA, na askari atakuwa na haki ya kuuliza. Bima nayo ni lazima ifuate matumizi mapya, na ni vyema kumweleza wakala wa bima kwamba ndani kuna kitanda na vifaa vya umeme.

Namba ya njano hata hivyo haijawashawishi abiria. Pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi na Masasi, hatupiti bila watu kutupungia mkono, na kuna bibi mmoja aliyekwisha kufungua mlango na kuweka kapu lake la samaki juu ya shuka kabla hatujamweleza. Tulimfikisha Mtama.

#4 Hesabu Kwanza

Kwa heshima zote, mama, naona hapa kuna anasa inayopewa jina la unyenyekevu. Gesti safi Masasi au Lindi unapata kwa shilingi elfu ishirini, na kuna bafu, feni na mlinzi. Ukijumlisha bei ya Hiace, seremala, sola, betri na friji, mngeweza kulala gesti kwa miaka mingi mkisafiri kwa basi. Zaidi ya hapo, Hiace ya petroli haili kidogo. Ninaomba wastaafu wenzangu wanaosoma hapa wasije wakachukua mkupuo wao wote wa kustaafu wakauzika kwenye gari, hasa sisi tuliokumbwa na kikokotoo cha mafao cha mwaka 2022.

#5 Mkazi wa Mangamba

Ndugu yangu, kwenye hesabu ya fedha umeshinda na sitabishana nawe. Mkupuo wa asilimia 33 ulioanza Julai 2022, hata baada ya kupandishwa hadi 40 kwa kundi letu katika bajeti ya mwaka 2024/25, si fedha ya kuchezea, na mtu asiye na paa lake mwenyewe asithubutu kununua gari la kulala. Sisi mkupuo ulimalizia nyumba. Gari lilitokana na kuuza pikapu ya zamani na shamba dogo la Morogoro. Mafuta tunayalipa kwa pensheni ya mwezi, ndiyo maana hatutoki mwezi ambao EWURA imetangaza bei ya kututisha. Hiace yetu inakwenda kilomita nane au tisa kwa lita, na bei ya Mtwara huwa haifanani na ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta ya Kusini yana hesabu yake kupitia bandari ya Mtwara.

Lakini gesti iko Masasi na Lindi, kama ulivyosema mwenyewe. Rafiki wa mume wangu yuko kijijini, kilomita nyingi kutoka kwenye gesti hiyo, na ukimwambia mzee wa Kimakonde kwamba umekuja kumtembelea ila usiku unarudi kulala mjini, umemwambia kwamba nyumba yake haikutoshi. Ukilala ndani kwake, utamhamisha yeye au wajukuu kutoka kitandani. Gari limetuondolea fedheha hiyo, kwa kuwa tunakula naye, tunazungumza naye mpaka usiku mwingi na tunalala uwanjani kwake bila mtu kuhamishwa.

Sababu nyingine ni ya kitabibu. Mume wangu anatumia insulini. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 30 hivi, jambo ambalo kwa Lindi ya mwezi Desemba ni ndoto. Kwenye basi na gesti nilikuwa nikishinda na wasiwasi wa barafu. Ikitokea betri imezidiwa, tunacho chungu cha udongo chenye kingine ndani yake na mchanga uliolowa katikati. Kinapoza kwa jinsi maji yanavyokauka, kwa hiyo kinafanya kazi vizuri zaidi Masasi mwezi Agosti, hewa ikiwa kavu, kuliko Mtwara mjini ambako unyevu wa bahari hauruhusu maji kukauka upesi. Chungu ni cha akiba tu, si badala ya friji.

#6 Mtu wa Kivinje

Mama, mkija Kilwa msije kwa haraka. Watu wengi wanafika Masoko, wanavuka hadi Kilwa Kisiwani, wanapiga picha msikiti mkuu, wanarudi jioni ile ile, na ukiwauliza jumba la Husuni Kubwa lilikuwaje hawajui kama lipo. Naomba pia utuambie hali ya barabara, kwa sababu tangu ile mvua ya Mei 2024 ndugu zangu walioko Mtwara wanaogopa njia hii.

#7 Mkazi wa Mangamba

Kilwa tumekuja na tutarudi. Kutoka Nangurukuru unaacha barabara kuu na kushuka kama kilomita 30 hadi Masoko. Gari huliachi popote; tuliomba kwa mwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na gati, tukaegesha uani kwake, tukalala humo humo garini na tukamlipa kidogo kwa maji ya kuoga. Kibali cha kuvuka unakichukua ofisini Masoko kabla ya kutafuta mashua, na ni busara kukichukua siku moja kabla ili asubuhi uondoke mapema, upepo ukiwa bado mtulivu. Nakubaliana nawe kabisa kuhusu Husuni Kubwa. Iko mbali kidogo na msikiti, juu ya jabali linalotazama bahari, na mtu aliyekwisha kutembea juani hukata tamaa kabla hajafika. Msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331, katika utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyelijenga jumba hilo. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa birika lake lenye pembe nane na kuwaza kazi ya kulijaza, kwa kuwa nimezoea kuwaza maji kila ninapolala.

Kuhusu barabara, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024 zilikata njia eneo la Somanga na mikoa yetu miwili ikatenganishwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kanuni yetu haina ujanja. Mvua za Kusini ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katika kipindi hicho hatuvuki mto Mbwemkuru kwenda kaskazini, wala hatuingii barabara yoyote ya udongo. Tunatembea kuanzia Juni hadi Oktoba. Miezi iliyobaki gari linafunikwa turubai na sisi tunakaa nyumbani tukilima bustani.

#8 Mjukuu wa Newala

Bibi yangu yuko Newala na nimefurahi kusoma uzi huu. Naomba ueleze mlivyopanda kule, na kama Hiace iliweza.

#9 Mkazi wa Mangamba

Iliweza, mwanangu, lakini kwa gia ndogo na kwa subira. Nitaieleza njia nzima kwa sababu ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza.

Kutoka Mtwara tunapita Mikindani, ambako hatusimami kwa sababu tunaweza kwenda siku yoyote, halafu Mpapura hadi Mnazi Mmoja, kisha kushoto kupitia Mtama na Nyangao. Usiku wa kwanza tunalala Ndanda. Abasia ya Wabenediktini ilianzishwa pale mwaka 1906, wana hospitali, na wana maji yanayotoka milimani mwaka mzima. Tuliomba kwenye nyumba ya wageni ya misheni, tukaonyeshwa kivuli cha kuegesha, tukachangia. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, mume wangu ni Mlutheri wa Njombe, na bruda aliyetupokea alicheka tu tulipomweleza, akatuletea mkate. Ukiwa, kama mimi, unasafiri na mgonjwa wa sukari, kulala karibu na hospitali ya Ndanda au ya Nyangao kunakupa usingizi ambao hutaupata kwingine.

Ndanda ndipo tunapojaza madumu yote. Uwanda wa Makonde juu kule, iliko Newala, una udongo wa kichanga unaokunywa mvua mpaka chini kabisa, hauna vijito, na tangu zamani akina mama waliteremka bondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Mradi wa maji wa Makonde umepunguza adha, lakini kuna vijiji ambako maji bado yananunuliwa kwa ndoo. Mgeni anayepanda na madumu matupu kisha akaomba maji ya kuoga amemwomba mwenyeji wake fedha bila kujua. Tangu mume wangu alipoishi Tandahimba ana msimamo mkali katika hili, na nakiri kwamba mwanzoni nilidhani anatia chumvi.

Kutoka Ndanda ni kama kilomita 40 hadi Masasi, mji uliozungukwa na vilima vya mawe vitupu ambavyo ukiviona jioni utaelewa kwa nini wamisionari wa Kianglikana waliowaleta watumwa walioachiwa huru mwaka 1876 waliamua safari yao iishie pale. Masasi tunanunua mboga na kukagua tairi, halafu tunapanda Newala. Usipande mchana jua likiwa kali, kwa kuwa injini itachemka na malori hayatakupisha.

Newala kuna Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana lote hadi Msumbiji. Mwezi Julai usiku ni baridi kiasi cha kutaka blanketi la pili, jambo ambalo jirani zangu wa Mtwara mjini hawaniamini. Tulilala kwa rafiki wa mume wangu, mkulima wa korosho, na hapo nina onyo kwa yeyote mwenye gari la kulala. Kuanzia Juni hadi Agosti wakulima wanapuliza salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga usiue maua ya mkorosho, na kazi hiyo hufanywa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umelala. Kivuli cha mkorosho kinavutia sana kuegesha, lakini ukiegesha shambani utaamshwa na mashine na unga wa njano utaingia machoni, puani na kwenye maji ya kunywa. Egesha uwanjani mwa nyumba, upande wa upepo unakotoka, na umuulize mwenyeji kama kesho yake kuna kupuliza.

Wazee wawili walizungumza korosho usiku kucha: mbegu mpya za kituo cha utafiti cha Naliendele, bei za mnada, mauzo kabla na baada ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mimi na mke wa mwenyeji tulichemsha ming'oko. Mtu asiyezijua azinunue barabarani akipita Mtama au Masasi wakati wa kiangazi. Ni mizizi ya porini, huchemshwa na chumvi kidogo, na inashibisha kuliko inavyoonekana.

#10 Binti Lindi

Mama, mmefika Tendaguru, kile kilima kilikochimbwa mifupa ya dinosaria? Nimezaliwa Lindi mjini na sijawahi kufika, ila mjusi wetu namfahamu kwa picha za Berlin.

#11 Mkazi wa Mangamba

Tumefika, lakini Hiace haikufika. Kilima kiko kaskazini magharibi ya Lindi na njia ya mwisho ni ya mchanga na vichaka. Tuliliacha gari kwa mwenyekiti wa kijiji na kukodi bodaboda mbili zilizozoea njia ile. Pale hakuna mifupa ya kutazama, mtu asije akadanganyika. Kuna kilima, kuna nyasi, na kuna mashimo yaliyofukiwa.

Hata hivyo mimi nilitaka kwenda kwa sababu ya wabebaji. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba pale zaidi ya tani 200 za mifupa, na hapakuwa na gari wala reli. Mizigo yote ilibebwa na watu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa mguu, kisha ikapakiwa melini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wataalamu wale walimtegemea katika kuutambua na kuuchimbua mfupa bila kuuvunja. Mnyama aliyesimamishwa Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mimi niliyeichoka njia ile juu ya pikipiki nilitamani kujua waliobeba walilipwa nini.

#12 Hesabu Kwanza

Nimesoma yote na nimelainika kidogo. Lakini usalama? Gari lenye mapazia, limeegeshwa kijijini usiku, na wageni wasiojulikana. Kwetu lingezua jambo.

#13 Mkazi wa Mangamba

Umegusa mahali penyewe. Hofu kubwa kwa gari kama letu si mwizi bali ni uvumi. Hadithi za mumiani na za watu wanaoiba watoto bado ziko hai, na gari jeupe lenye pazia karibu na shule linatosha kuwakusanya vijana wenye marungu. Ndiyo maana tunaripoti kwanza, na ndiyo maana tukishapewa mahali tunafungua milango yote, tunafunga mapazia pembeni na kuwaacha watoto na mama zao watazame kitanda, jiko na friji mpaka wachoke. Mapazia tunayashusha wakati wa kulala tu, baada ya kijiji kizima kujua kilichomo. Sitalala kamwe pembeni mwa barabara au porini kwa kisingizio cha utulivu, na sitamshauri mtu yeyote afanye hivyo.

Kuhusu mpaka, vijiji vya kandokando ya Ruvuma tunavitembelea mchana kwa idhini na jioni tunapanda kulala Newala au Masasi. Kijiji cha Kitaya kilishambuliwa Oktoba 2020 na watu waliotoka ng'ambo ya mto, na wenyeji wa ukanda ule wana haki ya kumtilia shaka mgeni. Tulipokwenda kuliona Daraja la Umoja pale Mtambaswala tulijitambulisha, tukatazama na tukageuza mchana ule ule.

#14 Dereva Mstaafu

Mama, mwaka huu mnafika wapi? Mimi na mama watoto tuko Nachingwea, uwanja upo na maji yapo.

#15 Mkazi wa Mangamba

Tunashukuru sana baba, na tumekubali kabla hamjabadili mawazo. Mpango ni kuingia kwa njia ya Nanganga na Ruangwa mwishoni mwa Juni, kufika kwenu, halafu kutokea Masasi na kuelekea Tunduru. Mume wangu anataka kuona mabaki ya mashamba ya karanga ya Waingereza na kuitafuta njia ya ile reli ya Mtwara iliyong'olewa miaka ya 1960. Nitakuandikia faraghani. Tafadhali mwambie mama asihangaike na kitanda.

#16 Binti Lindi

Samahani mama, kuna swali ambalo naona wote humu wanaliogopa. Choo?

#17 Mkazi wa Mangamba

Usiombe samahani, muuguzi haoni haya kwa hilo. Mchana tunatumia choo cha mwenyeji au cha zahanati, na ni sababu nyingine ya kulala kwa watu. Usiku, kwa kuwa mgonjwa wa sukari huamka mara nyingi na sitaki atembee gizani penye nyoka, tuna ndoo yenye kiti na mfuniko unaobana. Chini tunatandaza maranda ya mbao na kila baada ya kutumia tunafunika kwa maranda mengine, na harufu haitoki. Alfajiri tunaimwaga kwenye choo cha shimo cha mwenyeji, baada ya kumwomba ruhusa tangu jioni, kisha tunaisafisha kwa maji ya madumu yetu wenyewe, si ya kwake. Usiimwage kwenye choo cha kuvuta, maranda yataziba bomba. Masasi maseremala wanatupa maranda bure. Mtwara mjini wafuga kuku wameyapandisha bei, kwa hiyo tunajaza gunia tukiwa safarini.